Mzinga wa Saa Saba Mchana

Mhamisha mzinga mchana hubeba gogo. Ndiyo, nimesema hivyo, tena nimemwambia baba yenu mbele ya watu, na sirudishi neno. Nyie mmecheka. Kabula umecheka mpaka umemwaga karanga zangu. Lakini mmenifuata huku jikoni mkauliza, "Bibi, maneno hayo yametoka wapi?" Hapo nimefurahi, maana baba yenu Shija hakuuliza. Yeye alitazama saa yake.

Haya, kaeni. Maganga, chukua kigoda hicho, hicho kingine mguu wake umelegea. Mkimenya karanga nitasema, mkiacha nami naacha, sitaki wavivu. Methali hii haikutungwa na mtu wa vitabu. Ilizaliwa katika ukoo wetu wenyewe, na chanzo chake ni ugomvi wa watu wawili waliokuwa wanampenda mzee mmoja.

Mzee huyo alikuwa babu yangu mzaa mama, Msabila. Alikuwa mtu wa nyuki. Alikuwa na mizinga arobaini na ushei huko porini, yote ameichonga kwa mkono wake, na kila mmoja ana alama yake ya shoka. Lakini mzinga mmoja hakuupeleka porini. Aliutundika kwenye mti wa mninga nyuma ya nyumba, mwaka aliomwoa bibi yangu Mwashi. Asali ya mzinga huo haikuuzwa hata siku moja. Ilikuwa ya wagonjwa, ya wanawake waliojifungua, na ya mgeni aliyefika bila kutuma habari.

Babu alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Mihayo, mjomba wangu. Huyo alichukuliwa mdogo sana kwenda kusoma mjini, akakulia huko, akaajiriwa huko, akaoa huko. Alijua asali, hakujua nyuki. Wa pili ni Kalunde, mama yangu mimi. Mama aliachika akarudi kwa baba yake na watoto wanne, mimi nikiwa wa pili, na ndiye aliyemtunza babu baada ya bibi kufariki. Mama alikuwa mchapakazi, lakini ulimi! Mkisema mimi nina ulimi, basi hamkumwona mama yangu.

Sasa babu akaanza kusahau. Mwanzoni vitu vidogo, ameweka wapi kisu, amekula au hajala. Halafu akaanza kumwita mama yangu "Mwashi", jina la marehemu mkewe. Mama alikuwa anaitika tu, "Abee," kisha anageuka anafuta macho kwa kanga. Mwaka mmoja kabla ya masika babu alikwenda porini asubuhi, jioni hakurudi. Kijiji kizima kilitoka kumtafuta siku mbili. Alikutwa amekaa chini ya mzinga wake mmoja, mzima, ana njaa, anawauliza watu wanatafuta nini.

Habari zikamfikia mjomba. Alikuja mbio, hata viatu vya kazini hakubadili. Badala ya kumsalimu dada yake akaanza hapo hapo mlangoni.

"Kalunde, umemwacha baba apotee porini kama mbuzi?"

"Wewe ulikuwa wapi? Miaka minne hujamwona, leo unajua njia?"

"Ninatuma dawa kila mwezi!"

"Dawa haimfuati mtu porini, kaka."

Basi ikawa hivyo. Mjomba akasema baba anahitaji kukaa mjini karibu na hospitali. Mama akasema baba atakufa mjini kwa upweke. Mjomba akasema Kalunde anang'ang'ania nyumba na shamba. Mama akasema Mihayo anataka sifa za kutunza mzazi wakati kazi imefanywa na wengine. Mnajua ugomvi wa ndugu ulivyo, kila mmoja anajua pa kumchoma mwenzake. Ukoo ukakaa kikao, kikao kikavunjika. Mwisho mjomba akaenda mahakamani.

Alikwenda kuomba awe msimamizi wa babu. Maana yake nini? Maana yake mwenye usimamizi ndiye anayeamua mzee alale wapi, atibiwe wapi, shamba na mizinga ashike nani. Mzee akisema hapana, hapana yake haihesabiwi. Mama aliposikia, naye akaandikisha ombi lake. Karatasi mbili, wanaomba kitu kimoja. Mjomba aliandika kwamba baba hajijui. Mama aliandika kwamba Mihayo hamjui baba. Babu mwenyewe wakati huo yupo nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe, na hakuna aliyemwambia, "Mzee, weka hilo jembe chini kidogo, tukuulize."

Hakimu alikuwa mwanamama, mtu wa haki, simlaumu. Alisikia kwamba mzee amepotea porini siku mbili, akaogopa, na wewe ungeogopa. Akampa mjomba usimamizi wa miezi mitatu, akasema baada ya hapo watasikiliza tena kesi yote na kumaliza.

Jumatano mjomba akaja na gari la kukodi. Mimi sikuwapo, nilikuwa shule pamoja na ndugu zangu, kwa hiyo haya ninayowaambia alinisimulia mama mwenyewe, tena alinisimulia akiwa mzee.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, mnanisikia? Katika hadithi za watu lazima pawe na mbaya, hapa hamna. Njiani alikuwa anafikiri, baba atafarijika na nini kule mjini? Akaukumbuka mzinga wa kwenye mninga. Akaja na vijana wawili na kamba, akasema, "Baba, nakuchukua na mzinga wako kabisa, uwe nao uani." Hilo alilifanya kwa mapenzi. Machozi yalimlengalenga aliposema.

Babu alikuwa ameshapandishwa mbele ya gari. Akachungulia dirishani akasema, "Mihayo, mzinga hauhamishwi mchana. Ngoja jioni."

"Baba, saa saba hii, safari ni ndefu."

"Ngoja jua lizame, mwanangu. Kunywa maji, kaa na dada yako."

"Gari la watu hili, baba, tunalipia."

Vijana wakapanda, wakaufunga mzinga kamba, wakaziba mdomo wake kwa gunia, wakaushusha. Hata hawakuumwa sana. Mjomba akashukuru Mungu, akaona kazi imekuwa rahisi. Na mama yangu alikuwa amesimama mlango wa jiko, mwiko mkononi, akiangalia yote, kimya. Ulimi wote ule, siku hiyo kimya.

Saa kumi tulirudi kutoka shule tukakuta kiti cha babu kitupu. Mdogo wangu alikwenda akachungulia hata stoo. Halafu tukasikia mlio. Tukaenda nyuma ya nyumba, tukakuta nyuki wanazunguka pale kwenye tawi, wengi, wanafika, wanatua, wanaondoka, wanarudi. Jioni walikuwa wamejikusanya kwenye tawi tupu, bonge moja kama kichwa cha mtu mzima. Wiki nzima walikuwa hapo. Mvua ikawanyeshea. Kila asubuhi mama alikuwa anafagia wale walioanguka chini, na kila asubuhi bonge lilikuwa dogo kuliko jana. Tulimwuliza, "Mama, mbona hawaendi?" Akatufokea twende tukachote maji.

Kule mjini, mjomba na mkewe walimpokea babu vizuri. Chumba chake, kitanda chake, chandarua kipya, daktari kila wiki mbili. Mzinga uliwekwa uani juu ya matofali. Lakini kila jua likizama babu alikuwa anatoka, anakwenda kuutegea sikio, kisha anasema, "Nyuki hawajafika."

Mjomba anaugonga mzinga kidogo, wanatoka wachache. "Hawa hapa, baba."

"Hao ni wa ndani. Nyuki hawajafika. Twende tukawachukue."

Kesho tena. Keshokutwa tena. Ikafika mahali babu anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Siku mbili alikutwa barabarani jioni, kamba begani, anaelekea upande wa nyumbani. Mjomba akaogopa, akaanza kufunga geti kwa kufuli. Akanunua daftari akawa anaandika kila anachosema babu, ili siku ya kesi ikifika aoneshe jinsi akili ya baba ilivyoharibika. Ukurasa hadi ukurasa, maneno ni yale yale: anasema nyuki hawajafika, nami mzinga nimemwekea mbele ya macho yake.

Miezi mitatu ikatimia. Siku hiyo mama alitubeba wote wanne, akasema liwalo na liwe. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo. Hakimu katikati, na wazee wa baraza wawili, mmoja huku mmoja huku. Babu aliletwa akakalishwa benchi la mbele. Nilipomwona moyo wangu ulipasuka. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Mdogo wangu akaita, "Babu!" akanyamazishwa, lakini babu aligeuka, na uso wake ukafunguka jamani, mpaka leo nauona.

Kitu kilichokuwa kinaamuliwa pale ni kama uso ule utatuona tena. Mmoja wao akipewa usimamizi wa kudumu peke yake, babu hatakwenda tena popote kwa hiari yake. Atakuwa wa kubebwa.

Mjomba akasimama akasoma daftari lake. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Tarehe nne, baba anasema nyuki hawajafika. Tarehe tano, baba anasema nyuki hawajafika, anataka kamba. Tarehe sita hivyo hivyo. Mheshimiwa, mzinga upo uani kwangu, nyuki walikuwamo, nimemwonesha kwa mkono wangu, lakini haamini. Akili ya baba imekwisha. Naomba usimamizi wa kudumu ili nimlinde."

Mzee mmoja wa baraza, kikongwe aliyekuwa anasinzia, akafumbua macho. "Ulisema mzinga uliuhamisha?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kwa ajili yake."

"Saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

Yule mzee akapiga makofi ya mshangao. "Lo! Saa saba! Mwanangu, wewe si mtoto wa Msabila? Mchana nyuki wako maporini wanachuma. Ndani wanabaki mama yao na wale wachanga wanaolea. Ukiutoa mzinga saa hizo, wenye nguvu wote wanarudi jioni kwenye tawi, hawana pa kuingia. Wewe unakwenda na gogo. Mzinga huhamishwa jua likizama, wakisharudi wote. Hata mtoto wa porini anajua."

Mjomba akatazama daftari lake, akafungua ukurasa, akafungua mwingine. "Kwa hiyo..." akasema. "Kwa hiyo siku zote hizi alikuwa ananiambia kweli?"

"Tena alikwambia kabla hujauondoa?" mzee akauliza.

Mjomba alikaa chini kabla ya kuruhusiwa.

Hakimu akamgeukia mama. "Kalunde, siku ile ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Na wewe umekulia kwenye mizinga. Hukujua?"

Nilidhani mama atasema jambo la kumkata kaka yake vipande, kwa maana nafasi ndiyo hiyo. Mama akashika meza. "Nilijua," akasema. "Nilijua, mheshimiwa. Nilisikia baba akisema ngoja jioni, na neno langu moja lingetosha. Nilinyamaza. Nilitaka kaka abebe gogo, aaibike. Nikawaona nyuki wale wakianguka kila siku, nikawafagia kwa mkono wangu. Ule mzinga baba aliuchonga kwa ajili ya mama." Hapo akashindwa, akalia kwa sauti, mahakamani, mbele za watu. Na mjomba naye akawa anajifuta kwa kiganja.

Hakimu alivua miwani. Akafanya jambo ambalo wote, na yeye akiwamo, hawakulifanya tangu mwanzo. Akasema, "Mzee Msabila, shikamoo. Wewe unasemaje?"

Babu akasimama. Alichukua muda kusimama, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Marahaba. Mimi nasahau," akasema. "Msiandike uongo kwa ajili yangu, nasahau kweli. Huyu binti namwita jina la mama yake, naona anavyoumia, na kesho namwita tena. Porini nilipotea, ni kweli. Sasa huyu anasema baba ahame, huyu anasema baba asihame. Mimi sikukataa kuhama. Kwa mwanangu ni kwangu pia. Nilisema ngojeni jioni."

"Kwa sababu ya nyuki, mzee?" hakimu akauliza.

"Kwa sababu ya nyuki. Na wale pale." Akatunyooshea kidole sisi watoto. "Walikuwa shule. Jirani yangu ninayenywa naye uji alikuwa shambani. Mbwa wangu sikujua yuko wapi. Mtu mzee yuko hivyo, mchana hayumo wote ndani yake, ametawanyika kwa watu wake. Jioni hukusanyika. Mihayo, mwanangu, ulinichukua nikiwa bado sijarudi. Hukunichukua mimi. Mhamisha mzinga mchana hubeba gogo."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kusemwa duniani. Yule mzee wa baraza aliyarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu, na jioni ile yalikuwa yameshafika sokoni.

Hakimu aliwapa wote wawili usimamizi, kaka na dada, akaweka sharti: hakuna wa kumhamisha mzee peke yake, na maadamu mzee anaweza kujibu, aulizwe kwanza. Mjomba alimrudisha babu nyumbani mwenyewe. Mzinga nao ulirudi, lakini ndani hakukuwa na kitu tena, wale wachache wa ndani walikuwa wamekwisha, na nondo, vile vipepeo vya usiku, walikuwa wamekula masega. Nyuki wale wamekwenda, watoto wangu, tusidanganyane. Kosa likishafanyika, msamaha haurudishi kila kitu. Babu aliusafisha, akaufukiza moshi, akautundika pale pale. Masika yale kundi jingine likaingia.

Mavuno ya asali yalipokwisha, babu mwenyewe akamwambia mama, "Mwambie kaka yako aje. Kifua kinanibana, nataka kuwa karibu na daktari." Mjomba alifika saa tatu asubuhi. Akazima gari. Akavua koti. Akakaa na dada yake jikoni siku nzima, wakala ugali kwa karanga, wakagombana kidogo, wakacheka. Tulipotoka shule tulimkuta babu amevaa kanzu yake nyeupe anatungoja. Alitushika vichwa mmoja mmoja. Jirani alikuja kutoka shamba, wakanywa uji. Mbwa alikuja. Jua lilipozama babu akasimama mwenyewe, akasema, "Haya, twende."

Mjomba akauliza, "Na mzinga, baba?"

"Mzinga uache. Mimi ndiye ninayehama."

Aliishi mjini miaka miwili na nusu. Mwisho alisahau hata jina la Mihayo, akawa anamwita "kijana wangu." Lakini geti la mjomba halikufungwa tena kwa kufuli, na babu hakuchukua tena kamba.

Sasa nyie. Mmesikia honi hiyo? Ya tatu hiyo. Baba yenu ameongea na shangazi yenu kwa simu wiki nzima, huyu anasema mama aje kwangu, huyu anasema mama aje kwangu, wamepiga hesabu ya vyumba, wamepiga hesabu ya ngazi na goti langu. Wamekuja kunichukua saa sita ya mchana. Wajukuu ninaoishi nao wako shule. Mwenzangu wa kanisani amekwenda kisimani. Mimi nimesema siendi? Kabula, umenisikia nikisema siendi? Thubutu! Nguo zangu zimefungwa tangu jana, ziko nyuma ya mlango, angalieni.

Unakwenda wapi wewe, Kabula, na karanga hazijaisha? Haya nenda. Kamwambie kwa adabu, ni baba yako. Mwambie chai ipo, na kiti kipo.

Nyamaza, Maganga, tusikilize.

Eeh. Amezima gari. Amefungua mlango, anavua viatu. Mtoto wangu huyo, si mbaya, ana haraka tu. Shija! Pita huku jikoni, baba, umenye karanga na wanao. Na ukiulizwa siku nyingine mbona ulikaa kwa mama yako mpaka jua likazama, wajibu bila haya: mhamisha mzinga mchana hubeba gogo.